Pangani ubaoni

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili darasa la tano hapa Pangani mjini. Juzi niliandika ubaoni: "Baba amevuka kwenda Pangani." Mwenzangu mmoja akaniambia niweke Dar es Salaam kama vitabuni, maana Pangani ina -ni mwishoni, watoto wataichanganya na sokoni na shambani. Mwingine akataka niandike "Panganini". Halafu tukabishana tena: Pangani ni nzuri au ni pazuri? Tuamulie.
Mwalimu wa Pangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo "Panganini" ifute leo leo, kabla mzazi hajaiona kwenye daftari.

Jina la mahali halivai -ni. Nakwenda sokoni, lakini nakwenda Tanga; sijamsikia mtu akienda "Tangani". Yako majina yaliyozaliwa na -ni yake, ikagandia humo humo. Mimi nakaa Ngamiani. Ngamia nawajua, lakini nikimwambia kijana wa bodaboda anipeleke Ngamiani, hakuna anayefikiria mnyama. Ni jina tu.

Mwenzako amekuogopesha bure, ingawa ametaja jambo lenye faida. Waandikie watoto "Soko limejaa" na "Sokoni kumejaa". Wajaribu kusema "sokoni limejaa", watacheka wenyewe. Kisha waandikie "Pangani imejaa wageni" na "Pangani kumejaa wageni". Zote mbili zinakubali! Sokoni inabaki mahali tu. Pangani ni mahali na ni jina la kitu chenyewe, yaani mji. Dar es Salaam isingekufundishia hilo, kwa kuwa haina -ni ya kumtega mtoto.

Kwa hiyo nzuri na pazuri, mimi nazitia vema zote. Ukiuangalia mji kama mji, Pangani ni nzuri, Pangani imebadilika. Ukitazama ulipo au yaliyomo, Pangani ni pazuri, Pangani kuna joto. Watu wa Tanga tunaulizwa kila siku "Tanga kunani?" Hakuna aliyewahi kutuuliza "Tanga ina nini?" kwa maana ile ile, huyo ningemdhania mkaguzi wa hesabu.

Kuhusu miji midogo kwa jumla, iandikeni, lakini ipeni kazi. "Asha alikwenda Muheza" ni sentensi maskini. Weka Korogwe hapo, hakuna kilichopotea. "Asha amerudi Muheza na gunia la machungwa", hapo mtoto wa mkoa huu anainua kichwa. Bagamoyo ndiyo inayonisikitisha. Katika mifano niliyokutana nayo miaka yote ya chaki, Bagamoyo haitoki kwenye wakati uliopita: misafara ilifika, Wajerumani walijenga. Kwani leo hakuna mtu anayekaanga pweza Bagamoyo?

Na jihadhari na ubaya. Zamani nikifundisha kauli ya kutendwa niliandika, "Mwizi wa Pongwe amekamatwa." Nilitaka jina fupi tu, liingie kwenye mstari. Darasani nilikuwa na mvulana aliyetoka Pongwe kila asubuhi. Kufika mapumziko alishaitwa Mwizi, na jina hilo alikwenda nalo mpaka la saba. Mji mkubwa una watu wengi wa kugawana tusi. Pongwe nzima, darasani kwangu, ilikuwa yeye peke yake.

Sasa nirudi kwenye sentensi yako, maana ina kasoro ambayo wenzako hawakuiona. "Amevuka kwenda Pangani" ni maneno ya mtu aliyesimama Bweni, ng'ambo ya mto, anaangalia pantoni likiondoka. Wewe na ubao wako mko Pangani mjini. Kwenu baba amevuka kuja Pangani, au amevuka kwenda Bweni. Kama darasani una mtoto anayevuka kila asubuhi kutoka Bweni, msimamishe yeye akusahihishie.