Kona ya Kiingereza: Kakutania au Kakudhihaki?

Mwalimu, shikamoo. Natembeza wageni kwenye michoro ya miambani huku Kolo, Kondoa. Juzi mzee mmoja Mwingereza aliniuliza, uso mkavu kabisa, kama ile michoro nimeichora mimi jana yake, maana mikono yangu ilikuwa myekundu. Vumbi tu la kwetu! Tukacheka sote. Jioni nikaandika kwenye daftari la ripoti: "The visitor mocked me." Kesho yake bosi akaniita ofisini, anataka kujua nimetukanwa nini. Kulikoni?
*Mtembeza wageni, Kolo*

Marahaba, mwanangu. Bosi wako kasoma ulichoandika, si kilichotokea. "Mock" ni kudhihaki: mtu anakucheka ili uonekane si kitu, na mara nyingi anakuiga lafudhi, mwendo, hata kigugumizi. Kuiga kumo ndani ya neno lenyewe. Ndiyo maana ule mtihani wa moki uliokutoa jasho kidato cha nne unaitwa hivyo, unauiga ule wa Taifa. Mzee wako hakukuiga wala hakukushusha. Ungeandika "The visitor teased me", bosi angetabasamu akafunga daftari. Ungeweza pia kuandika "He was pulling my leg", na kwa kisa chako hii ndiyo inayokaa hasa, kwa sababu hutumika pale mtu anapokupa uongo mdogo bila kucheka ili aone kama utameza. Mguu wala hauguswi.

Shida yetu, nadhani, ni kwamba huku kinachoamua ni nani kamwambia nani. Mimi ni Mgogo. Mhehe akinikuta stendi ya Nanenane akaniuliza kwa sauti leo nimeomba-omba shilingi ngapi, hakuna anayegeuka. Ni mtani wangu, nami nitamuuliza kuhusu mbwa wa jirani yake. Shemeji ana ruhusa yake, bibi na mjukuu wana yao. Waingereza hawana watani wa kurithi kwa kabila namna hii, kwa hiyo nia ya msemaji inabidi ibebwe na kitenzi. Ukiripoti "he mocked me" umeshatoa hukumu, kilichobaki ni adhabu.

Ila "tease" nayo ina meno, usiiamini sana. Zamani ilikuwa ni kuchambua sufu, kuvuta nyuzi zitengane. Ukivutwa kidogo mtacheka. Mtoto akivutwa kila siku darasani kwa ajili ya masikio yake, Mwingereza bado anaweza kuita "teasing" hata kama mtoto analia. Ukitaka pasiwe na shaka yoyote, sema "he was only kidding".

Katikati kuna "make fun of", kumcheka mtu, na hiyo "of" haiachwi. Juu ya "mock" kuna "ridicule", nzito zaidi, aghalabu mbele za watu. "Taunt" ni kumchokonoa mtu kwa maneno hadi apandishe. Wafikirie mashabiki wa Simba na Yanga asubuhi baada ya mechi, upande ulioshinda. Na "he joked me", ambayo nakutana nayo kwenye barua zenu kila mara, haipo. Ni "he was joking with me".

Mwalimu, nauza mahindi Kibaigwa. Dalali kachukua hela ya gunia zangu akatokomea. Mteja wangu wa Nairobi alitaka maelezo kwa Kiingereza, nikamwandikia: "The broker cheated on me." Kanipigia simu anacheka mpaka nikakata. Mimi nalia, yeye anacheka?
*Mfanyabiashara, Kibaigwa*

Pole sana kwa hela, kaka. Umemwambia mteja kwamba wewe na dalali mlikuwa wapenzi, naye katoka nje. "Cheat on" ni ya mapenzi. Toa "on": "The broker cheated me." Ukitaka kutaja mali, "he cheated me out of my money".

Lakini kama alikujengea imani kwanza, akakununulia soda, akauliza hali ya watoto, ndipo akakuingiza mjini, neno lako ni "con". Limekatwa kutoka "confidence", imani. Mwaka 1849 huko New York palikuwa na bwana aitwaye William Thompson. Alikuwa akimwendea mtu aliyevaa vizuri, anaongea naye kama wanaofahamiana, kisha anamuuliza kama ana imani naye kiasi cha kumwachia saa yake hadi kesho. Watu wakatoa saa! Alinaswa pale mmoja wao alipomwona tena mtaani, na gazeti likambandika jina la "confidence man". Huyo dalali wako ni mjukuu wake.

Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" ni "scam". "Trick" ni nyepesi mno kwa gunia zako, maana hata kiinimacho cha karata ni "trick".

"Prank" na "hoax" zinatofautianaje?
*Mwanafunzi, Mpwapwa*

"Prank" ni ya papo hapo na ya watu wachache: chumvi kwenye kopo la sukari bwenini. Sema "they played a prank on me". "Hoax" ni uongo uliopangwa ili watu wengi waamini. Tarehe 1 Aprili 1957, BBC ilionyesha familia ya Uswisi ikivuna spageti mitini. Watazamaji wakapiga simu kuuliza inapandwaje, na inasimuliwa walijibiwa wachomeke kitawi cha spageti kwenye kopo la sosi ya nyanya, kisha waombe heri. Si lazima ichekeshe, lakini. Anayepiga simu kwamba uwanja wa ndege kuna bomu, na bomu halipo, naye kafanya "hoax", na polisi watamfuata.