Kugombea ujumbe wa bodi katika asasi za programu huria: maswali yenu na majibu

Asasi zinazosimamia programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake (maandishi ya kuiamuru kompyuta) uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, hufungua pazia la uteuzi wa wajumbe wa bodi karibu kila mwaka, na majina ya kutoka Afrika Mashariki bado ni machache mno yakilinganishwa na wingi wa watu wetu wanaoishi kwa programu hizo. Mimi nimeketi katika bodi ya asasi moja ya namna hiyo kwa vipindi viwili, na nimewahi kusimamia uchaguzi wa nyingine. Maswali yafuatayo yameletwa na wasomaji wanaofikiria kuchukua fomu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi si mwandishi hodari wa programu. Kwa miaka minne nimekuwa nikitafsiri na kuandaa mikutano ya watumiaji hapa Mwanza. Je, nikigombea sitaonekana nimevamia uwanja wa mafundi?

JIBU: Marahaba. Hujavamia uwanja wa mtu, kwa sababu bodi haiandiki programu. Chukua mfano wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ambako mgawanyo wa kazi ni bayana. Baada ya mwanzilishi wake, Guido van Rossum, kuachia uongozi mwezi Julai 2018, watengenezaji wake walichagua mwaka 2019 baraza la watu 5 ambalo ndilo lenye kauli ya mwisho katika mambo ya kiufundi. Pembeni yake ipo Python Software Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2001, yenye bodi inayoshika fedha, mikataba, waajiriwa na haki ya jina lenyewe la Python. Fundi bora kupita wote anaweza kuwa mjumbe mbaya wa bodi iwapo hasomi hesabu, na mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja anaweza kuwa mweka hazina ambaye asasi itamkumbuka kwa miaka mingi.

Uzoefu ulioutaja una thamani kubwa kuliko unavyodhani. Mtu aliyeandaa mkutano amekwisha kutengeneza bajeti, amewabembeleza wafadhili, amegombana na mwenye ukumbi na akapatana naye, na mwisho ametoa taarifa ya matumizi. Mtu aliyetafsiri programu nzima amekaa na wenzake wakashindana juu ya neno moja hadi wakakubaliana, jambo ambalo wale waliotoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004 kupitia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilijua vizuri. Wala hutakuwa Mwafrika wa kwanza kupita njia hiyo. Marlene Mhangami wa Zimbabwe alichaguliwa katika bodi ya Python Software Foundation mwaka 2017, akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kuketi humo, naye Anna Makarudze, pia wa Zimbabwe, amewahi kuwa rais wa Django Software Foundation, asasi inayosimamia Django, zana ya kutengenezea tovuti kwa Python. Wote wawili walifahamika kwa kuwafundisha na kuwakusanya watu kabla hawajaomba kura.

SWALI: Naomba unieleze bila kunificha: mjumbe wa bodi hufanya nini hasa, na kazi hiyo inakula saa ngapi? Nina watoto wawili na ajira ya kutwa hapa Mombasa.

JIBU: Dada yangu, sehemu kubwa ya kazi ni kusoma. Makabrasha ya kikao huja siku kadhaa kabla, nayo huwa na taarifa ya fedha, maombi ya ruzuku, mapendekezo ya sera na mara nyingine mashauri ya nidhamu yanayohusu watu unaowafahamu. Kisha kuna kikao chenyewe, ambacho kwa kawaida ni cha kila mwezi, pamoja na kamati moja au mbili utakazopangiwa. Kwa uzoefu wangu, mwezi mtulivu huchukua saa 5 hadi 10, na mwezi wenye mtafaruku unaweza kuchukua mara tatu ya hizo. Hesabu pia tofauti ya saa: kikao cha saa 6 mchana jijini New York huangukia saa 2 usiku kwetu wakati wa majira yao ya baridi na saa 1 usiku wakati wa majira yao ya joto, muda ambao nyumba nyingi za Mombasa ndiyo kwanza zinaandaa chakula. Lizungumze hilo nyumbani kabla ya kuchukua fomu.

Ila saa pekee hazitoshi kukueleza uzito wa kiti hicho, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo juu ya kisa kimoja. Mwezi Oktoba 2025 Python Software Foundation ilitangaza kwamba imeondoa ombi lake la ruzuku ya dola milioni 1.5 za serikali ya Marekani, fedha ambazo zingeimarisha usalama wa Python na wa PyPI, ghala ambako watengenezaji duniani kote hupakua vifurushi vyao vya programu, wakiwemo wa Nairobi na Dodoma. Asasi yenyewe hutumia takriban dola milioni 5 kwa mwaka. Masharti ya ruzuku yalimtaka mpokeaji athibitishe kwamba hataendesha mipango yoyote ya kukuza uanuwai, usawa na ujumuishi, na sharti hilo lilifunga shughuli zote za asasi, si mradi ule uliofadhiliwa peke yake. Aidha, sharti likivunjwa, serikali ingeweza kudai fedha ambazo zimekwisha kutumika. Bodi iliamua kwa kauli moja kujiondoa.

Jiweke katika kiti hicho. Upande mmoja kuna kazi ya usalama ambayo kila mtu anakubali inahitajika, pamoja na mishahara ya watu ambayo ingepata nguvu. Upande wa pili kuna dhamira iliyoandikwa ya asasi ya kukuza jumuiya yenye watu wa kila namna, na hatari ya kudaiwa mamilioni ambayo huna tena. Mimi naamini bodi ile iliamua sawasawa, ingawa namheshimu anayeona vinginevyo. Ninachotaka uone ni kwamba katika uamuzi ule hapakuwa na msimbo hata kidogo: palikuwa na mkataba wa kusoma hadi kifungu cha mwisho, hesabu za kupiga na amana ya watu wengine ya kulinda. Ukihisi kwamba ungependa kuwemo katika chumba hicho, saa zitapatikana.

SWALI: Je, wajumbe hulipwa? Nauliza kutoka Goma, ambako bando la intaneti tu ni gharama.

JIBU: Katika asasi nilizozitaja hapa, ujumbe ni wa kujitolea. Kwa kawaida asasi hugharimia safari ya mjumbe kwenda kwenye kikao cha ana kwa ana, lakini gharama za nyumbani hubaki kwako isipokuwa ukiuliza. Uliza mapema na kwa maandishi, bila haya, kwa sababu bodi inayotaka wajumbe kutoka Goma inapaswa kujua kiasi wanacholipa ili kuhudhuria.

SWALI: Kampuni ninayofanyia kazi hapa Nairobi inanilipa kuitunza programu hiyo hiyo ambayo asasi inaisimamia. Nikigombea, si itakuwa mgongano wa maslahi?

JIBU: Mgongano upo, lakini si dhambi. Kosa ni kuuficha. Asasi makini hazimzuii mwajiriwa wa kampuni kugombea, bali huweka ukomo ili kampuni moja isiishike bodi. GNOME Foundation, inayosimamia programu ya mwonekano wa skrini ya kompyuta, hairuhusu zaidi ya asilimia 40 ya wajumbe wake kutoka kwa mwajiri mmoja, na The Document Foundation ya Berlin, inayosimamia programu za ofisi za LibreOffice, imeweka ukomo wa theluthi moja. Kwa hiyo unaweza kupata kura za kutosha na bado kiti kikaenda kwa mwingine kwa sababu wenzako wawili wa ofisini wamekutangulia. Taja mwajiri wako katika mstari wa kwanza wa maelezo yako ya ugombea. Pata barua ya mwajiri inayosema kwamba ndani ya bodi hutumwi naye. Jambo linalomhusu likifika mezani, tangaza maslahi yako, toka kikaoni, na hakikisha muhtasari unaonyesha kwamba ulitoka.

Nimewahi kumwona mjumbe aliyebaki kikaoni akidai kwamba atanyamaza tu. Alinyamaza kweli, lakini wenzake nao wakanyamaza kwa kumwonea aibu, na jambo likapita bila kujadiliwa.

SWALI: Nina wanafunzi zaidi ya sitini hapa Dar es Salaam wanaoniheshimu. Nikiwaandikisha uanachama kabla ya uchaguzi wanipigie kura, kuna ubaya?

JIBU: Inategemea kama ni wanachama wa kweli. Mwaka 2018, uchaguzi wa OpenStreetMap Foundation, asasi ya ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ulipokaribia, watu takriban 100 walijiandikisha kwa mkupuo, wengi wao wakiwa waajiriwa wa kampuni moja, na kamati ya uanachama ikalazimika kufanya uchunguzi. Imani ikipotea kwa namna ile hairudi kwa barua ya maelezo. Ukilipa ada za wanafunzi sitini ambao hawajawahi kuigusa ramani wala programu, umenunua kura, hata kama hakuna kifungu cha katiba kinachokutaja.

Lakini swali lako lina upande wa pili ambao unaniuma zaidi. Tangu mradi wa Ramani Huria uanze mwaka 2015, wanafunzi wengi wa vyuo vya Dar es Salaam wamechora mitaa, mifereji na kata zinazofurika mvua zinaponyesha. OpenStreetMap Foundation humpa uanachama bila ada mtu aliyehariri ramani kwa siku 42 katika mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba katika jiji lako huenda wamo watu waliokwisha kuistahili kura kwa jasho lao, ila hawajawahi kujaza fomu. Python Software Foundation nayo humpa haki ya kupiga kura anayejitolea angalau saa 5 kwa mwezi katika kazi za jumuiya. Ikiwa wanafunzi wako wamefanya kazi hiyo, waandikishe wote leo, hata kama mwaka huu hugombei. Kisha waache wapige kura wapendavyo. Usiwasimamie wakijaza.

SWALI: Ni makosa gani ya utaratibu yanayowaangusha wagombea?

JIBU: La kwanza ni saa. Mwaka 2025, katika uchaguzi wa Open Source Initiative, asasi inayotunza fasili ya programu huria, mtu mmoja aliwasilisha jina siku ya mwisho kwa saa za Marekani, akaambiwa kwamba siku ilikuwa imekwisha kwa saa ya kimataifa. Sisi wa Tanzania na Kenya tuko saa 3 mbele ya saa hiyo, kwa hiyo dakika ya mwisho ya siku yao ni saa 8:59 usiku wa kuamkia siku yetu inayofuata. Wengi wetu huchanganyikiwa zaidi tunapogeuza saa za Kiswahili, ambazo huanza kuhesabiwa alfajiri. Peleka fomu siku mbili kabla.

La pili ni kutosoma hati utakayotakiwa kuitia saini. Katika uchaguzi huo huo wagombea walitakiwa kusaini makubaliano ya wajumbe, na wawili ambao hawakuyasaini kama yalivyoandikwa waliondolewa katika matokeo. Walichokuwa wakikipinga ni pamoja na sharti la mjumbe kuunga mkono hadharani maamuzi yote ya bodi. Mimi nadhani mjumbe anapaswa kutunza siri za kikao na kutii uamuzi uliopita, lakini kumlazimisha aseme hadharani kwamba anaukubali ni kumnyang'anya mwanachama sauti aliyoichagua. Omba hati hiyo siku unayochukua fomu, na kama una pingamizi, waeleze wapiga kura kabla kura hazijapigwa.

SWALI: Niligombea mwaka jana nikashindwa vibaya. Nipo Zanzibar. Nirudi tena?

JIBU: Rudi, lakini kwanza tazama jinsi kura zilivyopigwa. Python Software Foundation hutumia kura ya kuidhinisha, ambapo mpiga kura huwachagua wote anaowaona wanafaa, kwa hiyo hushinda anayefahamika na wengi hata kama si kipenzi cha mtu yeyote. OpenStreetMap Foundation hutumia kura ya kupanga wagombea kwa mfuatano, ambapo kundi dogo linalokuweka namba moja linaweza kukufikisha. Ulishindwa wapi na kwa nini, takwimu za matokeo zitakuonyesha.

Mimi pia nilishindwa mara ya kwanza, na niliposoma upya maelezo yangu niliona nimetaja nchi yangu mara tano na bajeti ya asasi sikuitaja kabisa. Katika mwaka uliofuata niliomba kuingia katika kamati ya ruzuku, ambayo si lazima uchaguliwe ili kuitumikia, nikasoma maombi ya mikutano ya mabara manne na kujifunza kusema hapana kwa barua ya heshima. Wewe uko katika kisiwa kilichopokea mkutano wa DjangoCon Africa mwezi Novemba 2023, na wapo waliouandaa ambao wanajua fedha zilitoka wapi na zilikwenda wapi. Watafute, kaa nao, omba wakuonyeshe hesabu. Pazia litakapofunguliwa, andika kuhusu hesabu hizo na kile ambacho ungekibadilisha.