Lua Ndani ya Keneli: Hiari Iwe Hiari Kweli

Nilipoingiza kifasiri cha lugha ya Lua, yaani programu inayosoma na kutekeleza skripti zake, kwenye keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux ya kifaa tulichokuwa tukikitengeneza, niliongeza chaguo moja la usanidi nikaamini kwamba asiyeitaka ataweka n, yaani kuizima, na mambo yataishia hapo. Siku mwenzangu alipoweka m, yaani Lua iwe moduli ya kupakiwa baadaye, huku draiva yetu ya mtandao (programu inayoendesha maunzi ya mtandao) ikiwa y, ndani ya keneli yenyewe, ujenzi ulikwama kwenye hatua ya kuunganisha, kwa kuwa draiva ilikuwa ikiita fanksheni zilizomo kwenye moduli.

Dawa yake ni mstari mmoja katika Kconfig, faili ya chaguo za usanidi, ya draiva: `depends on LUA || LUA=n`. Lua ikiwa moduli, draiva nayo hulazimika kuwa moduli. Lua isipokuwepo kabisa, draiva iko huru. Usikimbilie `select`, kwani huiwasha Lua kwa nguvu bila kujali masharti yake, na mtumiaji hujikuta amebeba kitu asichokichagua.

Usitawanye `#ifdef`, yaani masharti ya kujumuisha au kuacha vipande vya msimbo, ndani ya draiva pia. Weka kwenye faili ya heda fanksheni za `static inline` zenye majina yaleyale, ambazo Lua ikizimwa hurudisha `-EOPNOTSUPP` tu, yaani kosa la kusema kazi hiyo haipatikani, kisha draiva ifuate sera ya kawaida, yaani kanuni zake za kuamua, iliyoandikwa kwa C. Sera hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote, nami niliichelewesha mno: draiva isiyoweza kuamua lolote pasipo skripti inaitegemea Lua, hata usanidi useme nini.

Nalisisitiza hili kwa sababu kifasiri kilichomo ndani ya keneli hufanya kazi kwa mamlaka yote, na kosa lake laweza kuangusha mashine nzima. Kina mipaka yake vilevile. NetBSD, mfumo endeshi mwingine, iliyoleta Lua ndani ya keneli katika toleo la 7.0 mwaka 2015, huiruhusu humo kutumia namba nzima pekee. Hata sisi skripti yetu yenye 0.75, iliyopita majaribio yote nje ya keneli, ilikataliwa mara tu ilipoingia ndani, tukaiandika upya kwa kuzidisha kwa 75 na kugawanya kwa 100.

Sasa kila badiliko nalijenga mara tatu, kwa y, m na n, na keneli ya n ndiyo ninayoiwasha kwanza.