Kula vibandani Singapore bila kuumiza mfuko wala tumbo

Kuna jamaa kazini kwetu amepangiwa kozi Singapore mwezi ujao, na swali lake la kwanza kwangu lilikuwa: "Nibebe unga?" Nikamwambia unga auache, asikose tishu. Akacheka, akadhani namtania.

Mimi nilikaa huko majuma sita, nikila nje asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu chumba tulichopewa hakikuwa na jiko. Niliyelala naye chumba kimoja ni Mpemba, Mwislamu asiyetaka mzaha kwenye suala la halali. Mimi ni Mkristo wa Tanga, nakula karibu kila kitu. Kwa hiyo haya yamepimwa kwa matumbo mawili.

Nianze na hiyo tishu. Chakula cha mtu wa kawaida kule kinauzwa kwenye majengo ya wazi yenye mapangaboi juu, meza katikati, na vibanda vimejipanga safu kwa safu. Zamani wachuuzi hao walikuwa barabarani na mikokoteni yao. Serikali ikawahamisha kidogo kidogo, kazi ikakamilika 1986. Leo majengo hayo ni zaidi ya 110, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wa vibanda hivyo kwenye orodha ya urithi. (Tulioshuhudia wamachinga wakihamishwa kwetu tutauliza imewezekanaje. Mengi yalijengwa katikati ya makazi, mteja anateremka ghorofani kwake anakuta uji. Basi.)

Siku yangu ya kwanza, saa sita na nusu mchana, nimeshika trei ya tambi za moto na kila kiti kina mtu. Mara naona nafasi tupu, juu yake pakiti ya tishu. Nikasema huyu kasahau. Nikaketi, nikaifungua, nikajifuta jasho. Kidogo akaja bibi mmoja na bakuli lake la supu. Hakusema neno. Aliitazama ile tishu, akanitazama mimi, akaitazama tena. Nikahama na tambi zangu. Kule pakiti ya tishu, au mwavuli, au hata kadi ya kazini, ukiiweka kitini umeshika nafasi. Wao wanaita "chope". Unaweka kwanza, ndipo unakwenda kupanga foleni. Ukifanya kinyume utakula umesimama.

Sasa kibanda kipi? Ushauri wangu mkubwa ndio huu: nenda kwa anayepika kitu kimoja. Hili tunalijua sana nyumbani, ila tukivuka bahari tunalisahau. Muuza urojo mzuri hauzi pilau. Kule ni hivyo hivyo, ila wamezidisha: mtu anapika tambi za kamba tu, miaka thelathini, na baba yake alipika hizo hizo. Ukiona kibanda chenye picha arobaini ukutani, tambi, kuku, nyama na kaa vyote kwa pamoja, hicho kinamsubiri mgeni. Na foleni usiifuate kwa upofu. Mwaka 2016 vibanda viwili vilipewa nyota ya Michelin, kile kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa, na tangu hapo kuna foleni za watu wenye kamera. Mimi natafuta foleni ya wenye vitambulisho vya kazi shingoni na kinamama wenye vikapu vya sokoni. Wale wana dakika arobaini na tano tu, hawawezi kuzipoteza kwa chakula kibaya.

Wahi pia. Mwenye kibanda akiishiwa chakula anafunga, hata kama ni saa saba.

Kwa mtu wa kwetu naona chakula cha kuanzia ni wali wa kuku wa Kihainani (Hainani ni kisiwa cha China), dola 4 au 5 za kwao. Nitasema ukweli, sahani ya kwanza ilinikatisha tamaa. Kuku mweupe, vuguvugu, hana rosti, amelala juu ya matango. Nikasema hiki chakula cha mgonjwa. Tena karibu na mfupa nyama ina rangi ya waridi, na sisi tumelelewa kuku aive mpaka mfupa uachie. Kumbe ndivyo anavyotakiwa awe. Wanampika taratibu kwenye maji yasiyotokota, kisha wanamtumbukiza kwenye maji ya barafu ili ngozi ishikane na nyama ibaki na maji yake. Utamu wenyewe uko kwenye wali: mchele unakaangwa kwanza kwa mafuta ya kuku, tangawizi na vitunguu saumu, ndipo unapikwa kwa supu ya kuku yule yule pamoja na majani ya pandani, mmea wa ukoo mmoja na mkadi wetu. Halafu kuna vibakuli vitatu: pilipili iliyosagwa na ndimu, tangawizi iliyopondwa, na sosi nyeusi nzito ya soya. Kosa langu lilikuwa kula kuku peke yake. Kila tonge linataka kidogo cha kila kibakuli. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nakula wali mtupu kwa pilipili na kuku namwachia mwisho.

Mpemba wangu naye alikuta bango la "keki ya karoti". Akafurahi, akaagiza na chai. Ikaja sahani ya vipande vya unga wa mchele na figili, vimekaangwa na yai na vitunguu. Karoti hamna, keki hamna. Aliila kimyakimya, kisha akaniuliza kama mafuta yale nina hakika nayo. Sikuwa na hakika.

Hapo ndipo tulipojifunza habari ya halali. Bango la "hakuna nguruwe wala mafuta yake" si cheti. Cheti kinatolewa na MUIS, baraza la Kiislamu la Singapore, na kinabandikwa mbele ya kibanda pale pale. Nguruwe kwa Wachina haji kama mnofu tu: yumo kwenye mafuta ya kukaangia tambi bapa za kombe, yumo kwenye mifupa ya supu ambayo juu unaona kamba peke yake, na samaki wa mvuke anaweza kuwa amenyunyiziwa mvinyo wa mchele. Muulize mpishi, hatachukia. Wali wa kuku wenye cheti upo tele, na ukichoka kuuliza nenda soko la Geylang Serai, kwa Wamalei, wengi wao Waislamu. Ukimaliza, rudisha trei yako mwenyewe. Ni sheria tangu Septemba 2021, na mkaidi anayerudia hutozwa dola 300. Angalia tu rafu: trei za halali zina yake, nyingine zina yake.

Wauzaji waite "anko" na "anti". Ndiyo, kama kwetu. Anko wa vinywaji atakusikia vizuri zaidi ukijua maneno manne. Ukisema "kopi" inakuja na maziwa ya kopo mazito, tamu kupindukia. "Kopi-o" haina maziwa ila ina sukari. "Kopi-o kosong" haina chochote, na hiyo ndiyo iliyo karibu na kahawa chungu ya dele, ingawa buni zao hukaangwa kwa sukari na siagi. Ukitaka barafu ongeza "peng". Juisi ya miwa ipo, inakamuliwa mbele yako, na limau Wamalei nao wanaliita limau.

Mkiwa wanne au watano, jioni moja kaeni kwenye mkahawa wa Kichina wa kupikiwa kwa oda, ule wa "zi char". Mnaagiza wali mweupe na vyakula vya kuchangia katikati ya meza: tofu, yai, mboga, samaki mzima. Kwa watu wanne, vyakula vitatu vinatosha. Mboga agizeni majani ya viazi vitamu, ambayo ni matembele haya haya, yamerushwa motoni dakika moja na pilipili na dagaa-kamba waliosagwa. Mimi niliyekulia matembele ya nazi nilikasirika kwa kuchelewa kuyajua haya. Vijiti vikikushinda omba kijiko na uma, wenyewe wanavitumia kwa wali kila siku. Ila vijiti usivichomeke vikasimama wima kwenye bakuli. Vinafanana na udi wa kuombea wafu.

Kwenye bili fungueni macho. Bei ya kaa na samaki mara nyingi imeandikwa kwa gramu 100. Mahali fulani nilisoma nikaona rahisi, nikaletewa samaki wa karibu kilo moja na nusu, na posho yangu ya siku mbili ikaishia pale. Uliza uzito na jumla kabla hajaingia jikoni. Karanga na taulo ya maji mnazowekewa mezani si zawadi, zinatozwa. Msipozitaka zirudisheni zikiwa hazijaguswa. Na alama mbili za kujumlisha mbele ya bei maana yake kuna asilimia 10 ya huduma na asilimia 9 ya kodi juu yake. Bahashishi hawadai.

Tishu zenyewe huna haja ya kuzibeba kutoka nyumbani. Kuna wazee wanapita mezani wakiziuza. Nilirudi na pakiti mbili. Juzi pale kwenye kijiwe chetu cha supu niliweka moja juu ya kiti, nikaenda kunawa. Niliporudi, jamaa ameketi, supu yake imefika, na tishu yangu ndiyo anafutia pua.