Simu au seva?

Swali: Nina mwaka mmoja nikiandika programu hapa Mwanza. Nibobee programu za simu au mifumo ya seva, yaani kompyuta zinazopokea na kuhifadhi data za programu?

Jibu: Ndugu msomaji, anza na seva. Wateja wa huku, kuanzia wauza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, wanataka malipo ya simu yaingie kwenye hesabu bila kosa. Hapo ndipo chipukizi wengi hukwama: mtandao unakatika, ombi la malipo linatumwa tena, mteja anakatwa pesa mara 2. Kila ombi lipe namba yake ya pekee, na hifadhidata ikatae namba iliyojirudia. Jifunze SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kwa kutumia programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, ujenge mfumo mdogo wa malipo, kisha uzime intaneti katikati ya muamala uone salio linasomaje. Kotlin, lugha ya kuandikia programu za simu za Android, ifuate baadaye.