Sidi ileile, bibi tofauti: nilivyokosa kazi ya kalenda

Juzi saa tano usiku kuna dada wa Arusha kanitumia meseji, "kaka nimeweka sidi ileile kama ulivyosema, mbona sura ya mtu wangu inabadilika?" Sidi (seed) ni ile namba ya kuanzia ukitengeneza picha kwa AI. Nikacheka peke yangu, sio kwa ubaya, ila hilo swali lilishanikosesha laki 6, na hadi leo nikiiona ile kahawa dukani naangalia pembeni.

Iko hivi. Mwaka juzi nilikua nachezea Stable Diffusion, modeli ya AI inayochora picha kutokana na maneno, hapa Majengo, Moshi, kwenye laptop ya mtumba yenye GPU (kadi ya picha) ya GB 6. Akaja mama mmoja anayekaanga kahawa yake huko Marangu, anataka picha ya bibi wa Kichagga aweke kwenye lebo. Nikabonyezabonyeza wee, usiku mmoja akatoka bibi, jamani yule bibi! Kilemba cha kitenge cha njano kimekaa upande, pengo moja la mbele, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia kama anakukonyeza, kikombe kakishika kwa mikono miwili. Nikamrushia WhatsApp. Simu ikaita palepale: "Mwanangu, huyu ni mama yangu kabisa!" Akalipa lebo, akaagiza na kalenda, bibi huyohuyo miezi 12, mara shambani, mara jikoni, mara anatoka kanisani. Laki 6, advansi laki 2. Nikaila.

Siku naanza kalenda laptop nshaipiga windows upya na mafaili yote yameenda. Bibi kabaki WhatsApp tu. Sasa ile programu ninayoendeshea Stable Diffusion, AUTOMATIC1111, huwa inaandika sidi, prompti (maneno unayoiandikia), stepu (hatua za kuchora), sampla (njia ya kuchora) na modeli ndani ya faili la PNG lenyewe, ila ukituma kama picha WhatsApp inaibana na yale maandishi yanapotea. Ningeituma kama document yangebaki. Sikujua, na kwenye sidi nilikua naacha -1 siku zote, maana yake programu ijichagulie namba yoyote.

Nikaandika prompti kwa kukumbukakumbuka. Wiki mbili nimetoa mabibi zaidi ya 200, warembo tu, wenye meno yote. Kila nikimtumia mama anakaa kimya kidogo halafu, "Mwanangu, huyu sio mama. Huyu labda wifi yake." Mwishoni akaomba hela yake kwa upole, na ule upole ndo uliniuma kuliko matusi. Nilirudisha kidogokidogo miezi mitatu.

Sasa dada yangu, sidi ni nini? Unakumbuka TV ya chogo antena ikianguka, zile chenga? Picha inaanzia pale, kwenye chenga, na sidi ni namba inayosema ni chenga zipi. Modeli inazisafisha stepu kwa stepu kufuata maneno yako. Sidi ileile, maneno yaleyale, modeli, sampla, stepu, CFG (namba ya inavyoshika maneno yako), saizi, vyote vilevile, picha inarudi ileile. Ukitoa "shambani" ukaweka "jikoni" umeanza na chenga zilezile ila safari nyingine, mkao unaweza kufanana, sura hapana. Ukibadili saizi kutoka 512 kwa 512 kwenda 512 kwa 768 hata zile chenga sio zilezile tena. Na ukitoa picha nne kwa mkupuo sidi inapanda moja moja, kwahiyo ile ya tatu uliyoipenda ni namba yako kujumlisha 2, hapo wengi mnapotea. Halafu kuna sampla inaitwa Euler a, inamwaga chenga mpya kila stepu, ukitoka stepu 20 kwenda 30 inaweza kukupa mtu mwingine, mi nilihamia sampla nyingine, DPM++ 2M, nikapumzika.

Kwahiyo sidi haishiki sura. Sura inashikwa na kitu kingine. Mwezi uliopita nimemaliza picha 12 za bibi mwingine, kazi ya mtu mwingine, na zote ni bibi mmoja (najisifu ndio, nimelipia). Nilianza na IP-Adapter, unaipa picha ya mfano inaifuata, nikatoa nyingi, nikachagua 20 zinazofanana kabisa, nikafundisha LoRA ndogo ya yule bibi, yaani kifaili cha nyongeza kinachoifundisha modeli sura yake. Kuanzia hapo nabadilisha jikoni na shamba navyotaka, pengo linabaki palepale.

Na andika. Nina kaunta buku hapa mezani, lina doa la chai hadi ukurasa wa kumi, kila picha mteja aliyoikubali naandika sidi, modeli, sampla, stepu, CFG. Badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, halafu andika. Vijana tunapenda kubonyeza tukisubiri bahati, ikija tunajiita wataalamu, mteja akisema rudia ileile tunasingizia umeme. Bahati sio kazi jamani, mteja analipia kurudia. Andika.

Wewe dada nadhani ulibadili saizi, maana picha ya kwanza uliyonitumia ni ya mraba na ya pili imesimama. Nitumie zote mbili PNG, kama document tafadhali, sio kama picha.