Degedege siku ya tisa baada ya chanjo

Usiku ule hapa Makorora, Tanga, binti yangu alikuwa na miezi tisa. Alichemka mwili, akakakamaa mikononi mwangu, macho yakageukia juu. Mama mkwe akaita, "Leteni ubani tumfukize!" Nilimlaza ubavu, sikumtia kijiko mdomoni, na mume wangu akashika saa. Dakika mbili na nusu. Nami niliona kama kumekucha.

Hospitalini daktari aliuliza, "Mama, alichanjwa lini mara ya mwisho?" Nikajibu juzijuzi tu, na kadi ya kliniki nimeiacha kabatini. Shemeji akaifuata kwa bodaboda. Chanjo ya surua na rubela, siku tisa nyuma! Nilishaisahau, maana siku tatu za mwanzo mtoto hakupata hata joto. Kumbe ile ina virusi hai vilivyodhoofishwa, navyo huchukua muda kuzaliana mwilini, ndiyo maana homa yake huja takriban siku ya 5 hadi ya 12. Homa ya pentavalenti, ile chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja, huja ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo sema tarehe, usiseme juzijuzi.

Tarehe peke yake haitoshi, na huku kwetu malaria ipo. Walimtoboa kidole: hana malaria. Wakapima sukari, wakatazama masikio, wakakunja shingo kutafuta homa ya uti wa mgongo. Hakuna kitu. Hapo ndipo daktari akasema yaelekea homa ni ya chanjo, na homa ndiyo iliyoleta degedege. Hali hiyo huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, na wengi hawabaki na athari yoyote.

Mhudumu mmoja alituambia ni kawaida, twende nyumbani. Tafadhali, usiondoke. Omba fomu ya madhara yanayotokea baada ya chanjo ijazwe, pamoja na namba ya toleo la chanjo, ifike TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mtoto mmoja hathibitishi kitu, lakini taarifa zikikusanywa huonyesha mengi. Marekani mwaka 1976 ilionekana hivyohivyo: waliochanjwa mafua ya nguruwe walipata ugonjwa wa kupooza wa Guillain-Barré zaidi ya wasiochanjwa, kama mtu 1 wa ziada kwa kila 100,000, na chanjo ile ikasimamishwa.

Mtoto akilegea mguu au mkono ghafla, mpeleke siku hiyohiyo. Watahitaji choo chake mara 2, zipishane saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee, ili wachunguze polio.

Kadi ya binti yangu sasa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Alipotimiza miezi 18 nilimpeleka tena akachanjwa surua, na tangu siku ya tano nililala na kipimajoto chini ya mto. Joto halikupanda.